Kaa Kitako Uchorwe: Mwongozo kwa Mteja wa Mchoraji

Wachoraji wa Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi wanahudumia wateja walewale wanne. Wa kwanza ni Bwana Fasta, anayefika Jumanne akitaka picha ya harusi ya Jumamosi. Wa pili ni Dada Nipunguze, anayetaka apunguzwe tumbo, miaka na weusi. Wa tatu ni Mjomba Mwisho wa Mwezi, ambaye mwezi wake hauishi. Wa nne ni Shangazi Mkaguzi. Huyu hakuagiza chochote wala hakutoa senti, lakini ndiye anayesimama mbele ya picha iliyokamilika na kutoa hukumu: "Mbona hajafanana?"

Mwongozo huu ni wao wote, na ni wako pia ikiwa umejiona humo. Picha nyingi za watu huharibika kabla mchoraji hajachovya brashi, na anayeziharibu ni mteja. Anataka kuonekana, lakini hataki kutazamwa. Anayeagiza picha ya kuchorwa kwa mkono analipia saa nyingi za jicho la mtu mwingine likimkagua uso, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kulivumilia jicho hilo. Ukilikubali hilo, mengine yote yaliyomo humu ni utaratibu tu.

Jambo lenyewe lina uzito wake hapa kwetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimlipa mchoraji Joy Adamson achore watu wa makabila ya nchi hiyo wakiwa na mavazi na mapambo yao. Nyingi ya picha hizo ziko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na zimechorwa kwa uangalifu mkubwa. Ila aliyelipa hakuwa aliyechorwa. Mzee aliyekaa mbele ya brashi alikaa kwa niaba ya kabila lake, na si yeye aliyeamua picha iende wapi. Leo mwalimu mstaafu wa Morogoro anaweza kumwita mchoraji na kusema, "Nichore mimi, na miwani yangu, na kiti changu." Fursa hiyo ni kubwa mno kuichezea kwa haraka na ubahili.

Hatua ya kwanza: jua unachoagiza

Maduka mengi ya mijini yatakuchapia picha ya simu juu ya kitambaa cha kanvasi, kisha yaipake gundi inayong'aa na kukwambia imechorwa. Ukitaka chapa, nunua chapa kwa bei ya chapa. Ukitaka picha ya kuchorwa, iinamishe kidogo karibu na dirisha ili mwanga uipige kwa ubavu. Rangi iliyowekwa kwa brashi ina matuta na mabonde, mahali imenenepa na mahali imetandazwa nyembamba mpaka nyuzi za kitambaa zinaonekana. Nukta za mashine zimelala sawasawa kila mahali, hata pale gundi ya juu ilipowekewa matuta ya kughushi. Tazama pia ubavu wa fremu, pale kitambaa kinapokunjwa. Mara nyingi mchoraji huacha hapo michirizi na alama za vidole.

Kisha chagua aina ya rangi. Makaa na penseli ni vya bei nafuu zaidi na vinafaa sana kwa uso wa mzee wenye mistari mingi. Akriliki hukauka kwa dakika chache, na wengi wanaofanya kazi kwa oda wanaipenda kwa sababu hiyo. Rangi za mafuta zina kina ambacho nyingine hazina, lakini zina masharti. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa ndani yake hayakauki kwa kuvukizwa kama maji. Yanakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu, na hilo huchukua siku kadhaa kwa kila safu, tena mchoraji anaweka safu nyingi. Za chini huwa na mafuta kidogo, za juu mafuta mengi zaidi. Akigeuza utaratibu huo, ya juu hukauka kwanza na kupasuka pindi ya chini inapoendelea kujivuta.

Hapo ndipo Bwana Fasta anapoelewa kwa nini jibu lake ni hapana. Kitu kinachokausha safu kumi za mafuta kati ya Jumanne na Jumamosi hakipo, na mchoraji anayekubali oda hiyo ama anakudanganya, ama atakuletea harusini picha itakayoacha alama kwenye suti ya bwana harusi. Agiza miezi mitatu kabla ya shughuli. Ukiwa na wiki moja tu, agiza mchoro wa makaa.

Hatua ya pili: chagua mkono, kisha uuache ufanye kazi

Kila mchoraji ana mkono wake, na mkono haubadilishwi kwa oda. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za bati juu ya vipande vya hadibodi, na wanafunzi wake wakaendeleza ndege, chui na twiga ambao dunia nzima inawatambua. Ukienda kwa fundi wa mtindo huo ukamtaka amchore baba mkwe kwa uhalisi wa pasipoti, umemkosea yeye na umemkosea baba mkwe. Mwombe akuchoree ndege, naye atakuchorea ndege wa kukumbukwa.

Michelle Obama alipohitaji picha yake rasmi kwa ajili ya jumba la picha za watu mashuhuri huko Washington, alimchagua Amy Sherald, ambaye huchora ngozi za watu weusi kwa vivuli vya kijivu. Picha ilipozinduliwa mwaka 2018 baadhi ya watu walishangaa kuona kijivu. Aliyeagiza hakushangaa, kwa sababu alikuwa ameziona kazi za msanii huyo kabla ya kumchagua. Huo ndio mpangilio sahihi: mshangao wako uumalize siku ya kutembelea karakana, si siku ya kukabidhiwa.

Kwa hiyo tembelea. Nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, nenda Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa, uliza waliosomea Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa miaka ya 1930. Omba kuona nyuso tatu ambazo mchoraji amezimaliza karibuni, na usiishie kwenye macho, maana macho ndiyo kila mtu hujitahidi kuyapatia. Tazama masikio. Tazama mahali shingo inapoingia kwenye kola. Tazama mikono kabisa, kwa sababu mikono inamuumbua mchoraji dhaifu. Ukikuta watu watatu wote wameficha viganja mifukoni, umepata jibu.

Jambo moja linahitaji adabu. Zipo nyumba, hasa za Waislamu wa mwambao na visiwani, ambazo hazitundiki picha za viumbe wenye roho. Ukitaka kumzawadia mtu picha yake, uliza kwanza nyumbani kwake, kwa upole na mapema. Zawadi inayogeuzwa uso ukutani kila ifikapo swala haijamfurahisha mtu.

Hatua ya tatu: zungumza fedha ukiwa umekaa

Bei ya picha inatokana na vitu vinavyohesabika: ukubwa wa kanvasi kwa sentimita, idadi ya vichwa, kama ni uso na mabega tu au mpaka kiunoni au mwili mzima, kama mikono inaonekana, kama nyuma ni rangi tupu au ni sebule nzima na kochi lenye maua. Mikono inaongeza bei. Vitenge vyenye nakshi vinaongeza bei. Mjukuu anayeongezwa baada ya mchoro kuanza anaongeza bei, hata akiwa mdogo kiasi gani, kwa sababu mchoraji hauzi watu kwa kilo.

Ukubwa usikutie wazimu. Lucian Freud alipomchora Malkia Elizabeth wa Pili, kazi aliyoimaliza mwaka 2001, alitumia kanvasi ya takriban sentimita 24 kwa 15, ndogo kuliko daftari kubwa la shule. Ni afadhali uso mmoja mdogo uliotazamwa vizuri kuliko ukuta mzima wa sura iliyobabaishwa. Ukiwa na fedha kidogo, punguza eneo, na ubora uuache palepale.

Mjomba Mwisho wa Mwezi asikie hapa. Kanvasi, rangi, mafuta na fremu vinanunuliwa kwa fedha taslimu, na tyubu nzuri za rangi za mafuta nyingi huagizwa kutoka nje. Toa malipo ya awali kabla kazi haijaanza. Nusu ya bei ni utaratibu wa kawaida. Usiseme "nitakutangaza." Mchoraji hali matangazo, na mwenye nyumba wake hayapokei. Usiseme pia kwamba ni kazi ndogo ya siku mbili, kwa sababu ukimlipa mtu kwa siku alizoshika brashi bila kuhesabu miaka aliyojifunza kuishika, umemlipa kibarua na umemkosa fundi.

Andikeni makubaliano, hata kwa ukurasa mmoja wa mkono wenye sahihi mbili. Yataje haya: ukubwa, aina ya rangi, nani yumo kwenye picha, tarehe ya kukabidhi, bei na awamu za malipo, mara ngapi mteja anaweza kuomba marekebisho, nani analipia fremu na usafiri, na nani ana haki ya kuichapa picha hiyo kwenye kalenda au kadi. Kununua picha na kununua haki ya kuinakili ni mambo mawili, na sheria za hakimiliki hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo semeni wazi mapema.

Tarehe ya kukabidhi si urasimu. Yapata mwaka 1503 Francesco del Giocondo, mfanyabiashara wa hariri wa Florence, alitaka picha ya mkewe Lisa, na kazi ikaangukia kwa Leonardo da Vinci. Leonardo aliishika miaka nenda rudi, akahama nayo mpaka Ufaransa, na alifariki huko mwaka 1519. Picha ikabaki Ufaransa, na leo mamilioni ya watu wanapanga foleni kuitazama katika makumbusho ya Louvre, Paris. Dunia ilipata Mona Lisa. Bwana Giocondo hakupata kitu ukutani kwake.

Hatua ya nne: lete picha zenye ukweli ndani

Mara nyingi mchoraji atafanya kazi kwa kutumia picha za kamera, ama zote au sehemu. Mpe za kumsaidia. Simu ikishikwa karibu na uso hukuza pua na kusogeza masikio nyuma, ndiyo maana watu wanalalamika kwamba selfi zao "haziwatoi". Mpigaji asimame mita mbili au tatu kutoka kwako, avute kwa lenzi badala ya kusogea. Zima mwanga wa simu, kwa sababu unaupiga uso bapa na kufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyomwonyesha mchoraji paji liko wapi na shavu linaingia wapi. Ondoa vichujio vyote vya urembo. Ngozi iliyosuguliwa na programu haina kitu cha kuchora.

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, usiitume kama picha ya kawaida, la sivyo itabanwa na kupoteza yale madogomadogo aliyokuwa akiyatafuta. Tuma nyingi: mbele, pembeni kushoto, pembeni kulia, ukicheka, ukiwa umenyamaza. Tuma na ya mikono peke yake.

Oda ngumu kuliko zote ni ya marehemu. Familia inaleta kipande kimoja cha picha ya kitambulisho, kimefubaa, muhuri umepita juu ya kidevu, na inasema, "Mchore baba, lakini awe anatabasamu." Ndugu zangu, mchoraji hakumwona baba akitabasamu. Akibuni tabasamu, atabuni la mtu mwingine, nanyi mtaliona mara moja na mtaumia upya. Mleteeni picha za kaka na dada zake. Mleteeni mtoto anayesemwa kwamba amefanana naye, akae mbele ya mchoraji ili aone midomo hiyo inavyotembea. Mwelezeni jinsi alivyokaa, alivyoshika kikombe, bega lipi lililokuwa chini kuliko jingine. Leteni kofia yake au koti lake lenyewe. Vitu hivi vinaingia kwenye picha kuliko sifa. Kumwambia mchoraji kwamba marehemu alikuwa mkarimu hakumsaidii kuweka nyusi mahali pake.

Hatua ya tano: kaa

Ukiweza kukaa mwenyewe, kaa. Hakuna picha ya kamera inayoshindana na mtu aliye hai anayepumua mbele ya mchoraji. Panga saa mbili kwa siku, na mapumziko kila baada ya dakika 20 au 30. Njoo na nguo ileile kila mara, na nywele zilezile. Mteja aliyeanza na afro akarudi na rasta amemwanzishia mchoraji kazi ya pili, naye ana haki ya kuidai.

Vitabu vingi vya uchoraji viliandikwa Ulaya, na vinaelekeza mtu aketi karibu na dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua la mchana hupita upande wa kusini na mwanga wa kaskazini unabaki mtulivu. Ukiutii ushauri huo Dar es Salaam mwezi Julai, utaungua. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini wa jiji hilo, na dirisha tulivu ni la kusini. Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, inakaribia kuugawa mwaka nusu kwa nusu. Mchoraji anayejua kazi yake atakuhamisha kiti kufuatana na majira. Mwache akuhamishe.

Utakapokaa, jitayarishe kwa jambo ambalo watu wazima wengi hawajafanyiwa tangu utotoni: mtu kuwatazama muda mrefu bila kuwauliza kitu. Dakika 10 za kwanza utaweka sura ya kadi ya kura. Shingo itakaza, midomo itabanwa. Mchoraji anajua, na mara nyingi atachora kiti na mabega wakati huo, akisubiri sura hiyo ichoke. Halafu utaanza kuwaza ada ya mtoto au bei ya saruji, uso utarudi mahali pake, naye ataanza kazi. Usiangalie simu. Kila unapoinamisha kichwa kusoma ujumbe, kivuli cha chini ya jicho kinahama, na yeye anakisaka upya.

Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani aliyeishi Paris, alisimulia kwamba alimkalia Pablo Picasso kati ya mara 80 na 90, na mwishowe Picasso akaufuta uso wote akaumaliza mwaka 1906 bila yeye kuwepo. Wewe hutaombwa siku 80. Ukiombwa tano, nenda zote tano.

Hatua ya sita: iache ngozi yako

Hapa nazungumza na Dada Nipunguze, na kaka zake, kwa sababu nao ni wengi ila hunong'ona.

Kaa karibu na mchoraji mzuri anapochanganya rangi ya ngozi yako. Pale kwenye paleti anaweka kahawia iliyoungua, manjano ya udongo, nyekundu nzito, bluu ya ultramarini na nyeupe kidogo. Nyeusi ya kwenye tyubu hana haja nayo. Anakutazama paji. Juu yake, mahali mwanga wa dirisha unapotua, anaweka rangi yenye ubluu, kwa sababu ngozi nyeusi inang'aa na inarudisha anga. Kwenye shavu anaingiza nyekundu. Chini ya kidevu anaweka kahawia ya joto iliyochukua rangi ya khanga yako, maana kitambaa kimerusha mwanga juu. Ukingo wa sikio unapata wekundu kidogo, pale jua linapopenya. Mahali ambapo wewe ulidhani una rangi moja, yeye amekwisha kuhesabu saba.

Sasa mwambie "nipunguze weusi" uone kinachotokea. Njia ya haraka ni kuongeza nyeupe kila mahali. Nyeupe inapoza rangi na kuifanya ya chaki. Bluu ya paji inapotea, wekundu wa shavu unakufa, na uso wote unapauka. Umelipa fedha nyingi kuonekana mgonjwa. Usoni pako penyewe ndipo palipokuwa na utajiri wa rangi ambao mchoraji angeweza kuutumia, nawe ukaagiza ufutwe.

Vivyo hivyo kwa chale za jando, kovu la utotoni, mwanya, mvi na makunyanzi. Mwambie mchoraji lipi lina historia na aliweke kwa heshima. Chunusi iliyotoka Jumatatu ataiacha mwenyewe bila kuambiwa, kwani haitakuwepo Ijumaa. Lakini kovu ambalo mama yako angekutambua nalo gizani ni sehemu ya sura yako, na picha isiyo nalo ni ya binamu yako.

Hatua ya saba: vumilia wiki mbaya, na umfungie mlango Shangazi

Kila picha ya mafuta hupita kwenye kipindi ambacho inatisha. Safu ya kwanza imekauka, vivuli vimewekwa kwa kahawia na kijani, macho bado ni mashimo, na mteja akiletewa picha ya simu ya hatua hiyo anataka kurudishiwa fedha zake. Kijani hicho kina kazi: kitafunikwa na rangi za joto na kuzifanya zipumue. Usiombe kuona kila siku. Kubaliana na mchoraji siku mbili za kuonyeshwa: baada ya mchoro wa kwanza wa mistari, wakati bado ni rahisi kusogeza kichwa au kubadili mkao, na karibu na mwisho, wakati wa kurekebisha mambo madogo.

Siku hizo mbili nenda wewe peke yako, au na mtu mmoja anayekujua vizuri. Usiipeleke picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu 40 wakikaa kuujadili uso wako, mmoja atasema pua, mwingine atasema hapana ni paji, na Shangazi atasema hajafanana bila kutaja kitu. Mchoraji anahitaji maneno yanayotendeka. "Jicho la kushoto liko juu kidogo kuliko langu" ni neno la kazi. "Haina mvuto" ni kelele.

Yasemeni ya moyoni mapema, kwa sababu yakicheleweshwa huishia pabaya. Mwaka 1954 wabunge wa Uingereza walimzawadia Waziri Mkuu Winston Churchill picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland, kwa kutimiza miaka 80. Ilizinduliwa mbele ya wageni katika ukumbi wa Westminster. Churchill aliichukia, kwa kuwa ilimwonyesha mzee aliyechoka, na baadaye mkewe akasababisha iteketezwe. Kilichobaki ni michoro ya maandalizi na picha za kamera. Zawadi hiyo ilikuwa na mlipaji mmoja, mtazamwaji mwingine na mchoraji katikati, na watu hao watatu hawakukubaliana ni Churchill yupi anayechorwa. Ukimlipia baba picha ya kustaafu, basi baba azungumze na mchoraji mwenyewe. Wewe toa fedha.

Hatua ya nane: ipokee, itunze, iandike

Picha ya mafuta ikikabidhiwa, juu imekauka lakini ndani bado. Vanishi ya mwisho hupakwa kwa kawaida baada ya miezi sita hadi mwaka, kwa hiyo panga na mchoraji siku ya kuirudisha na uitimize. Usiifunge kwenye nailoni ikiwa mbichi. Hewa ya mwambao ina unyevu na chumvi, na kanvasi iliyogusana na ukuta mbichi huota kuvu kwa nyuma. Weka vipande viwili vya koki kwenye pembe za chini za fremu ili hewa ipite. Kagua mchwa kwenye mbao. Usiitundike mkabala na dirisha la magharibi, wala juu ya jiko, wala mahali mlango unapopiga. Vumbi lipanguse kwa brashi laini iliyo kavu. Maji na sabuni vikae jikoni.

Itundike kimo cha macho. Picha ya babu iliyopandishwa mpaka inagusa dari inamfanya babu awatazame wageni utosini.

Wageni watakapouliza, taja jina la mchoraji. Usimwombe afute sahihi yake pembeni kwa sababu "inaharibu". Sahihi hiyo ni ushahidi kwamba mtu mmoja aliwajibika kukutazama.

Mwisho, geuza picha. Nyuma yake, kwenye mbao ya fremu na si kwenye kitambaa, andika kwa kalamu isiyofutika jina kamili la aliyechorwa, mahali, mwaka na jina la mchoraji. Ahmad bin Na'aman alifika New York mwaka 1840 na merikebu Sultana, akitumwa na Sultani Sayyid Said kutoka Zanzibar, na huko mchoraji Edward Mooney akamchora akiwa na kilemba chake. Leo tunaijua sura ya mjumbe huyo, na tunajua kwamba ni yake, kwa sababu jina la aliyechorwa, jina la mchoraji na mwaka vilisafiri pamoja na picha. Nyuso nyingi nzuri zilizo ukutani katika nyumba za watu hazina bahati hiyo. Wajukuu wanazirithi, wanauliza ni nani, na hakuna anayejua.

Kwa hiyo andika kabla hujatundika. Kisha mlipe mchoraji salio lake siku hiyohiyo.